Kuzungumza kwa kugonga ukuta, kama wafungwa wa Hanoi

Skauti wangu hapa Mafinga wanapenda mambo ya siri, basi huwa nawafundisha haya. James Stockdale, rubani wa jeshi la majini la Marekani, alidunguliwa Vietnam Kaskazini Septemba 1965, akafungwa Hanoi hadi 1973. Gerezani Hoa Lo, kusemezana na mwenzako ni kutafuta mateso. Wafungwa wakawa wanagongeana ukuta, na amri za Stockdale, aliyekuwa na cheo kikubwa, zikapita humo humo. Mwaka 1976 alivishwa nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya nchi yake.

Chora miraba 25, mistari mitano ya miraba mitano. Kila herufi ina mraba wake, lakini herufi ni 26, kwa hiyo Wamarekani waliiacha K, C ikashika nafasi yake. Sisi tukiiacha K hatuwezi hata kuitana kaka. Acha Q na X, hazina kazi kwetu:

A B C D E
F G H I J
K L M N O
P R S T U
V W Y Z –

C isomeke CH moja kwa moja, H usiigonge. Mraba mtupu, yaani tano-tano, maana yake "sijapata, rudia".

Unagonga kwanza namba ya mstari, halafu nafasi ya herufi ndani yake. "Chai" ni moja-tatu, moja-moja, mbili-nne. Kati ya namba mbili tua kidogo. Kati ya herufi tua zaidi. Watoto wengi hukimbilia kasi, lakini anayegonga haraka bila kutua hasomeki kabisa. Afadhali pole pole, mdundo uwe uleule. Mwenzako akilidaka neno kabla hujalimaliza, agonge mara mbili chapuchapu, uendelee na lingine.

Bweni letu limegawanywa kwa mbao za paini, kidole tu kinatosha. Ukuta wa tofali unataka kijiko, na msikilizaji abandike mdomo wa kikombe ukutani, sikio kwenye kitako. Juni hii, kwa baridi yetu, hakuna anayetaka kutoa mkono nje ya blanketi, kwa hiyo wanagonga kwa kisigino.

Wafungwa walikuwa pia wakifagia kwa mdundo huohuo, hata kukohoa. Kufagia nafundisha, tena kwa moyo mmoja, maana uwanja unatakata. Kukohoa sifundishi: kuna mitihani ya hesabu.