Jinsi ya Kumfinyanga Ganesha wa Udongo Mbichi na Kumkaribisha Nyumbani kwa Ganesh Chaturthi

Kila mwezi wa Bhadrapada wa kalenda ya Kihindu (kati ya Agosti na Septemba) ukikaribia, simu huanza kuita. Vijana wetu waliohamia miji mingine kwa kazi au ndoa wanataka kumweka Ganapati, yaani Ganesha, mungu wetu mwenye kichwa cha tembo, nyumbani kwao kwa mara ya kwanza kwa sikukuu yake ya Ganesh Chaturthi, na mzee wa kuwaelekeza hayupo karibu. Safari hii alikuwa mpwa wangu na mumewe, wako Mwanza. Nimewaongoza kwa simu na picha za WhatsApp tangu udongo ukiwa kwenye ndoo hadi siku ya kumuaga mgeni, anapoyeyushwa majini. Nayaandika hapa kwa Kiswahili kwa sababu wengi wetu tuliozaliwa Dar, Mombasa au Mwanza tunaomba kwa Kisanskriti na kuongea Kigujarati au Kimarathi na bibi, lakini kazi ya mikono tunaelewana zaidi kwa Kiswahili.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: Ganesha wa Chaturthi awe wa udongo mbichi, awe mdogo, na umfinyange mwenyewe. Sababu imo ndani ya hadithi yake. Mama yake, mungu wa kike Parvati, alimuumba kwa mikono yake, kwa manjano aliyojisugua mwilini, akampa uhai na kumsimamisha mlangoni amlinde akioga. Mumewe, mungu Shiva, aliporudi, mtoto akamzuia, naye kwa hasira akamkata kichwa. Kichwa cha tembo kikaja baadaye, pamoja na cheo cha kuongoza majeshi ya Shiva na haki ya kuombwa kabla ya mungu mwingine yeyote. Ndiyo maana wafanyabiashara wa Kigujarati, hata huku pwani yetu, huandika jina lake juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari jipya la hesabu wakati wa Diwali. Ukikaa na bonge la udongo mezani, unarudia alichofanya Parvati. Ukinunua sanamu ya plasta iliyopigwa rangi ya kung'aa, sehemu hiyo yote ya ibada umeikosa.

Sikukuu huangukia siku ya nne ya mwezi unaokua wa Bhadrapada. Mwaka 2025 ilikuwa Agosti 27, na mwaka 2026 ni Septemba 14. Anza kazi ya udongo wiki tatu kabla. Wiki mbili zinatosha ukiwa na bahati tu.

Hatua ya 1: Udongo

Nenda kwa wanaofinyanga vyungu na majiko, waombe udongo wao kabla haujachanganywa na mchanga. Kilo 3 hadi 4 zinatosha kwa murti (sanamu ya kuabudia) ya sentimita 15 hivi. Loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa chepesi, acha utuame, mwaga maji ya juu, kisha tandaza juu ya ubao hadi usishike tena vidoleni. Ukande kwa nguvu kama unga wa chapati, utoe hewa yote.

Jaribu hivi: viringisha mche mnene kama kidole, uzungushe kwenye dole gumba. Ukipasuka pasuka, ongeza maji kidogo na ukande tena. Ukikunjika bila kuchanika, uko tayari. Mimi huchanganya pia pamba kidogo iliyochambuliwa nyuzi nyuzi, kiasi cha kiganja. Nyuzi hizo hushikilia udongo unaponywea.

Hatua ya 2: Kumfinyanga

Anza na kiti na kiegemeo chake cha nyuma, kisha tumbo, miguu iliyokunjwa, mikono minne, na kichwa mwishoni. Usihangaike na urembo. Kuna mambo machache ambayo hayaachwi, kwa sababu kila moja linasema kitu.

Mkonga uelekee kushoto kwake, uguse modak (andazi tamu la unga wa mchele lenye nazi ndani) iliyo kwenye mkono wa chini wa kushoto. Ganesha wa mkonga wa kulia, kama yule wa hekalu la Siddhivinayak kule Prabhadevi, Mumbai, au wa Siddhatek, huabudiwa kwa masharti makali zaidi, na nyumba yenye watoto wadogo na kazi za ofisini haiyawezi kwa urahisi. Nawakatalia kabisa wanaoanza wakitaka mkonga wa kulia eti kwa kuwa unapendeza zaidi pichani.

Pembe moja iwe nzima, nyingine iliyovunjika. Wapo wanaosimulia kwamba aliivunja mwenyewe aitumie kama kalamu, mtakatifu Vyasa alipokuwa akimsomea utenzi wa Mahabharata auandike. Wengine husema Parashurama, mfuasi wa Shiva, alimrushia shoka, na Ganesha akatambua kuwa shoka lile ni zawadi ya baba yake Shiva, akapokea pigo kwa pembe asije akalifedhehesha. Hadithi hii ya pili ndiyo ninayowasimulia watoto ninapofika kwenye pembe, maana inawaonyesha mwenye nguvu anayekubali kupoteza kitu kwa heshima ya mzazi.

Mkono wa juu wa kulia hushika chuma chenye kulabu cha kumwongozea tembo, wa juu wa kushoto kitanzi. Kwa maelezo ya wazee, kimoja kinasukuma mja aliyezubaa na kingine kinamvuta aliyepotea. Wa chini wa kulia unafunguka kiganja mbele: usiogope. Masikio yawe makubwa, maana huyu ni mungu wa kusikiliza. Panya awe chini, karibu na mguu. Ni mnyama anayepenya popote na kutafuna kila kitu, sawasawa na tamaa zetu, na hapo amekuwa kipando kinachotii.

Mikono ya juu na silaha zake iegemee kwenye kiegemeo. Ukiiacha ikining'inia hewani itaanguka kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya 3: Kuunga na kukausha

Hapa ndipo kazi inapoharibikia, na hapa ndipo mpwa wangu alipokesha. Shingo ya Ganesha wake ilipasuka pande zote, kichwa kikabaki kinacheza. Soma sehemu hii kabla hujagusa udongo.

Udongo unapokauka hunywea. Sehemu nyembamba, yaani masikio, mkonga na vidole, hunywea kwanza, na tumbo nene hufuata siku kadhaa baadaye. Huku inavuta, huku imesimama, na mpasuko hutokea pale zinapokutana. Kwa hiyo lengo lako kwa siku zote hizi ni moja: murti nzima ikauke kwa mwendo mmoja.

Kwanza, maungio. Kichwa na mwili viwe na unyevu uleule. Kichwa kilichofinyangwa leo hakishikani vizuri na mwili wa juzi. Chora mikwaruzo ya kupishana pande zote mbili kwa uma, paka uji mzito wa udongo uleule, bonyeza huku ukizungusha kidogo, halafu funika ungio kwa kamba nyembamba ya udongo na ulisawazishe kwa kidole. Usitie njiti, waya wala kijiti cha mshikaki shingoni. Najua video nyingi hushauri hivyo. Udongo hunywea, kijiti hakinywei, basi udongo utachanika kukizunguka. Tena siku ya kuaga utabaki na waya ndani ya maji.

Pili, tumbo. Murti ikishakuwa ngumu kiasi cha kushikika bila kubonyea, ilaze chali juu ya taulo nene na uchimbe tumbo kutokea chini kwa kijiko, ukiacha ukuta wa sentimita 2 hadi 3. Wengi huogopa hatua hii. Ifanye. Inasaidia kukauka sawa, na pia kuyeyuka haraka majini.

Tatu, mahali. Huku pwani miezi hiyo upepo bado ni mkavu na mkali, na watu huweka murti dirishani wakidhani wanaisaidia. Upande mmoja hukauka kwa saa chache na murti hupinda. Jua ni baya zaidi, feni vilevile. Iweke kwenye pembe ya chumba, juu ya gazeti lililokunjwa ili chini iteleze inaponywea, kisha:

Siku mbili za kwanza, funika kwa kitambaa chenye unyevu na juu yake pindua ndoo. Masikio na ncha ya mkonga viringishie pamba yenye maji, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokimbia mbele ya vingine. Siku mbili zinazofuata, toa pamba na utumie kitambaa kikavu chini ya ndoo. Kisha inua ndoo upande mmoja kwa jiwe, siku mbili tena. Baada ya hapo ondoa ndoo, bakiza kitambaa. Ukiugusisha udongo shavuni mwako na ukawa hauna ubaridi tena, umekauka. Kwa kawaida ni siku kumi hadi kumi na mbili. Mwanza, karibu na ziwa, ilichukua zaidi.

Nyufa ndogo zitatokea hata ukifanya yote haya. Usizipake maji matupu, utazipanua. Saga udongo mkavu wa bonge lilelile, changanya na siki hadi uwe mzito kama dawa ya meno, sindikiza ndani ya ufa kwa kisu butu, funika tena usiku mmoja. Ufa wa shingo unaoingiza ukucha hauzibiki kwa njia hii: kata kichwa, lowanisha pande zote mbili chini ya kitambaa hadi zilainike, uunge upya. Ndicho tulichofanya Mwanza na kichwa kimeshika. Usiipeleke tanuruni wala kwenye oveni. Udongo uliochomwa haurudi tena kuwa udongo.

Shughulikia nyufa zote kabla ya sikukuu. Murti iliyovunjika haiabudiwi.

Hatua ya 4: Rangi

Manjano kwa mwili, udongo mwekundu kwa nguo, masizi ya taa kwa mboni. Macho yawe ya mwisho. Rangi za mafuta hapana.

Hatua ya 5: Kumkaribisha

Andaa kibao kilichotandikwa kitambaa chekundu, chombo cha shaba chenye maji, majani matano ya mwembe na nazi juu yake, taa ya samli, ubani, tambuu na popoo, mchele mzima uliopakwa manjano, na maua mekundu. Utahitaji pia durva, ambayo si kitu kingine bali ukoka huu unaoota uani. Chuma vichipukizi vichanga vyenye majani matatu, ufunge 21 kwa fungu. Inasimuliwa kwamba Ganesha alimmeza pepo wa moto Analasura, tumbo likamuwaka, na ukoka ndio uliompoza. Majani ya tulasi (mrehani mtakatifu) usimpe, ingawa mungu Vishnu huyapenda.

Puja, yaani ibada yenyewe, ifanyike karibu na adhuhuri, saa aliyozaliwa. Mguse kifuani kwa durva na umwombe aingie na akae hadi siku utakayoitaja. Mtamkie *Om Gan Ganapataye Namah*. Kuanzia hapo si udongo tena, ni mgeni, na zile huduma 16 ni zile zile anazopewa mgeni wa heshima: kiti, maji ya miguu, maji ya kunywa, kuoga, nguo, manukato, maua, ubani, taa, chakula, tambuu, na nyinginezo hadi kusujudu.

Angalizo ambalo vitabu vya puja haviliandiki kwa kuwa vinadhani una murti ya shaba: usimwogeshe Ganesha wa udongo mbichi. Weka popoo moja kwenye sahani mbele yake, uioge hiyo kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari kwa niaba yake. Yeye mnyunyizie matone tu kwa ncha ya ua.

Usiku huo usitazame mwezi. Mwezi ulimcheka alipoanguka kutoka kwa panya, tumbo likapasuka na akalifunga kwa nyoka. Anayeutazama usiku wa Chaturthi, husema wazee, huzuliwa uongo.

Hatua ya 6: Modak

Vikombe 2 vya nazi iliyokunwa, kikombe 1 cha sukari guru, iliki; kaanga hadi ishikane. Chemsha kikombe 1 cha maji na chumvi na samli, mimina kikombe 1 cha unga wa mchele, funika, kisha ukande ungali wa moto. Tengeneza vikombe vidogo, jaza, kunja pindo kwa pindo hadi juu, pika kwa mvuke dakika 10 hadi 12. Mpe 21. Nazi ikunwe kwa mbuzi siku hiyohiyo. Ile kavu ya pakiti haina maji ya kuyeyusha sukari guru.

Hatua ya 7: Kumuaga

Anaweza kukaa siku moja na nusu, tano, saba au kumi. Wanaoanza wachague siku moja na nusu. Arati (kuzungusha taa mbele yake kwa wimbo) na chakula ni asubuhi na jioni bila kukosa, na nyumba haifungwi ikaachwa tupu mgeni akiwa ndani.

Sherehe kubwa za hadharani, zile zilizoenezwa na mpigania uhuru wa India Lokmanya Tilak kuanzia Pune mwaka 1893, zimetuzoesha picha za murti kubwa zikiingizwa baharini Girgaon Chowpatty, ufukwe wa Mumbai. Mwaka 2020 bodi kuu ya India ya kudhibiti uchafuzi ilitoa mwongozo uliokataa murti za plasta, kwa kuwa haziyeyuki na rangi zake huua viumbe wa majini. Kwa nyumba yako ndoo inatosha, na naipendelea kuliko ufukwe.

Fanya arati ya mwisho, mwekee mtindi kidogo kiganjani awe na cha njiani, mrushie mchele, kisha msogeze kidogo kutoka alipokaa. Kwa kusogezwa huko ameshaondoka. Toa maua, nguo na uzi wote, mwimbieni *Ganpati Bappa Morya*, mmuombe arudi mapema mwakani, na mteremsheni ndooni taratibu. Huyeyuka kati ya saa chache na usiku mmoja. Usikoroge wala kumvunja kwa fimbo ili uwahi.

Asubuhi mwaga maji na tope kwenye shina la mti ambapo watu hawakanyagi. Maua yafukie hapohapo. Usimwage kwenye sinki: utaziba bomba, na si mahali pake.