Somo: Namna ya kuitazama picha ya kabichi na tango

Leo tunakaa na picha moja tu. Ni ya Mhispania Juan Sánchez Cotán, aliyeichora mnamo mwaka 1602 hivi kwa rangi ya mafuta kwenye turubai, na sasa imo katika jumba la sanaa la San Diego, Marekani. Ina vitu vinne: kwinsi, ambalo ni tunda la manjano la ukoo mmoja na tofaa, kabichi, tikiti lililokatwa, na tango. Basi. Mtu hayumo, kisu hakimo, hata sahani haimo. Ifungue kwenye kompyuta ukiweza, maana kwenye simu mambo mengi yatakupita.

Hatua ya 1: Maana iache kwanza. Taja kwa sauti unachokiona, kitu kimoja kimoja, na mahali kilipo. Kwinsi linaning'inia kwa uzi juu kushoto. Kabichi nayo inaning'inia, ila chini kidogo. Tikiti na kipande chake vimelala kwenye ukingo wa dirisha la mawe, na tango limelala kulia kwao. Nyuma ni giza tupu.

Hatua ya 2: Fuata mstari. Anza kwenye kwinsi, shuka kwenye kabichi, pitia tikiti, ishia kwenye tango. Umeuona mkunjo? Vitu vinne vimepangwa vikateremka kwa mpindo mmoja laini, na upande wa juu kulia umeachwa mtupu kabisa. Utupu huo usiuruke. Mchoraji mwingine angetundika kitu pale. Huyu alikataa, na ndiyo sababu jicho lako linateremka bila kukwama popote.

Hatua ya 3: Tafuta mwanga unatoka wapi. Hapa ndipo pa kukaa sana. Mwanga unaingia kutoka kushoto, mkali, na giza la nyuma haliupokei hata kidogo, kwa hiyo wote unaangukia mboga. Vuta picha karibu uitazame kabichi. Majani ya nje yamefunguka na kujikunja pembeni, mishipa yake imesimama kama ya mkono wa mzee, na kila mkunjo una upande wa mwanga na upande wa kivuli. Kijani chake si kimoja: kuna kilichopauka mpaka kukaribia weupe, na kuna kilichokolea mpaka kumezwa na giza. Kisha hamia kwenye tikiti: nyama yake iliyo wazi na mbegu zake zinapokea mwanga huohuo, lakini ni mlaini zaidi. Mwanga ni mmoja, ngozi ni tofauti. Ukiweza kueleza tofauti hiyo kwa maneno yako, umeshaanza kuuelewa uhalisia, yaani uchoraji wa vitu kama jicho linavyoviona.

Hatua ya 4: Tazama ukingo. Ncha ya tango imejitokeza nje, na kivuli chake kinaanguka kwenye jiwe. Kipande cha tikiti nacho kimechungulia. Kwa mbinu hiyo tu mchoraji amevitoa vitu ndani ya dirisha na kuvileta upande wako.

Hatua ya 5: Linganisha. Jumba la sanaa la Chicago lina picha yake nyingine yenye vitu hivihivi vinne katika mpangilio uleule, ila ameongeza ndege wa kuwindwa. Ziweke bega kwa bega. Mimi naipenda ya San Diego, kwa sababu ya ule utupu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kwa nini avitundike kwa uzi?
Jibu: Ilikuwa njia ya kuhifadhi chakula. Tunda likining'inia, hewa hulizunguka na halichubuki kwa kulalia upande mmoja. Yeye akaichukua desturi ya stoo akaifanya mpangilio wa picha.

Swali: Nasikia alikuwa mtawa. Je, hii ni picha ya dini?
Jibu: Mwaka 1603 aliondoka Toledo, mji wa Hispania, akajiunga na Wakartusi, shirika la watawa wa Kikatoliki, akawa bruda, yaani mtawa asiye padri, na alifariki Granada, hukohuko Hispania, mwaka 1627. Wakartusi hawali nyama, hivyo wapo wanaouona mfungo wa kitawa katika mboga hizi. Lakini aliichora kabla hajaingia utawani, na ile picha yenye ndege, ambao ni nyama, ni ya miaka hiyohiyo. Ninachokiona wazi ni heshima: tango limepewa uangalifu ambao wengine waliuweka kwa wafalme.

Swali: Kama lengo ni kufanana na kitu halisi, kamera si ingetosha?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Hakuna jiko ambamo mboga hujipanga kwa mpindo ule. Yeye ndiye aliyechagua urefu wa kila uzi, akachagua giza, akachagua nini kisiwepo. Kufanana ni sehemu ndogo ya kazi yenyewe.

Swali: Nifanye zoezi gani nyumbani?
Jibu: Chukua boksi, lipake rangi nyeusi ndani, lilaze ubavuni mdomo ukuelekee. Tundika kitunguu kwa uzi, weka bilinganya mbele, ncha yake itokeze nje kidogo. Zima taa ya chumba, mulika tochi kutoka kushoto. Sasa sogeza tochi polepole, juu, chini, mbele, utazame kivuli cha bilinganya kinavyorefuka na kufupika. Chora pale kivuli kitakapokupendeza, hata kwa penseli tu, halafu ulete tukione.