Aksoloti nyumbani: maji kwanza, mnyama baadaye

Ukinunua aksoloti na tangi siku moja, umeshamuua, bado kufa tu. Huyu ni salamanda, jamaa wa chura mwenye mkia, wa mifereji ya Xochimilco, Jiji la Meksiko. Matamvua yake hubaki nje maisha yote, na anajisaidia humo humo anamopumulia.

Hatua ya 1: Tangi
Lita 100 zinamtosha mmoja. Chini weka mchanga laini au acha kioo kitupu. Kokoto atazimeza zimkwame. Washa chujio, tia amonia isiyo na sabuni (ndiyo sumu itokayo kwenye uchafu wake), kisha subiri bakteria wanaoila wazaliane, wiki 4 hadi 8. Siku utakapotia amonia na kesho yake vipimo visome sufuri, cha amonia na cha naitraiti (sumu ambayo bakteria huigeuza amonia kuwa), badili maji mengi ndipo umlete.

Hatua ya 2: Baridi
Nyuzi 16 hadi 18. Zikifika 24 anaanza kususa chakula. Kwa Dar au Mombasa bila mashine ya kupoza maji, usijaribu. Chupa za barafu hupandisha na kushusha joto kutwa nzima, mnyama anateseka.

Hatua ya 3: Chakula
Nyungunyungu, kila baada ya siku mbili. Kila wiki badili robo ya maji, yasiyo na klorini.

Hatua ya 4: Kuzalisha
Subiri dume na jike wafike umri wa miezi 18, na wasiwe ndugu. Dume ana uvimbe nyuma ya miguu ya nyuma. Wakutanishe jioni juu ya mawe bapa. Asubuhi utaona vifuko vya mbegu za dume, kama vitone vya jeli vyenye ncha nyeupe. Jike huvipitia akivichukua. Baada ya siku moja au mbili hutaga mayai mamia, pengine elfu. Yatoe, wazazi huyala. Ya ziada yagandishe siku hiyo hiyo, yafe. Mimi mara ya kwanza niliona huruma, nikaishia na vibakuli hadi juu ya friji.

Hatua ya 5: Watoto
Huanguliwa wiki ya 2 au ya 3. Siku mbili hawali, wana kiini cha yai tumboni. Kisha wape artemia hai (vijidudu vya maji ya chumvi, jamii ya kamba), mara mbili kwa siku, kwani hudaka kinachocheza tu. Miguu ya mbele ikiota wanaanza kung'atana: watenganishe. Mguu uliokatika huota tena.

Jike mtenge miezi 6. Dume hatamwacha apumzike.