Mkorosho umeacha kuzaa? Usiukate kwanza, fanya hivi

Wakulima wenzangu, msimu ukiisha huku kusini mwa Tanzania kila kijiwe maneno ni yaleyale. Wazee wanasema mikorosho imechoka, vijana wanasema salfa (dawa tunayopulizia mikorosho) ya siku hizi feki, wengine mvua zimebadilika. Wote wana ukweli wao ila mi shambani kwangu tatizo kubwa nililoliona ni giza, miti imebanana mpaka chini haioti hata nyasi, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kwenye majani na maua, unapenda sana kivuli kama hicho.

Na tulishawahi kuanguka vibaya zaidi ya hapa. 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000, kufika 1986/87 hazifiki hata 17,000, watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa mashamba yakageuka pori alafu ubwiriunga ukaja juu yake. Yalirudi kwa kusafishwa na kupulizwa, kwahiyo inawezekana.

Anza ukimaliza tu kuvuna, usingoje mwezi wa sita. Ingia chini ya mti utazame juu, kama huoni anga, kata matawi makavu, yanayolala chini na yanayoingiliana na mti wa pili. Alafu maotea, yale machipukizi yanayotoka katikati kwenye kivuli, hayo ndo usiyaache kabisa mana ugonjwa unajihifadhi humo ukisubiri majani mapya. Chuma jani lake changa uliangalie, utakuta unga mweupe kama limemwagiwa sembe, ukisugua na kidole unatoka. Yatoe yote.

Shamba lililobanana sana punguza miti, nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12. Najua inauma, mi nilipokata mstari aliopanda babu sikulala vizuri siku kadhaa, lakini iliyobaki ilipata jua ikachanua mpaka matawi ya chini.

Salfa usipulize kwa sababu jirani kapuliza. Kagua majani machanga na maua kila wiki, ukiona dalili za kwanza ndo uanze. Ya unga ni robo kilo kwa mti kila mzunguko, alfajiri upepo ukiwa umetulia na umande upo ili ishike, na uvae barakoa na miwani jamani, macho hayauzwi. Dozi usizidishe, salfa ikimwagika chini miaka na miaka udongo unakuwa na tindikali na mihogo na kunde zako hapo chini zinaumia.

Majimoto, wale wekundu wanaoshona majani, msiwachome moto. Wanauma kweli wakati wa kuokota ila wanawafukuza mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi, bure kabisa. Ikibidi kupiga dawa ya wadudu piga jioni nyuki wakishaondoka, bila wao ua halishiki.

Mti uliozeeka kabisa ubebeshe. Kata shina, subiri machipukizi, bebesha vikonyo (vijitawi vya kuunganishia) kutoka mti unaozaa vizuri, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele pale Mtwara wana mbegu bora na watakuelekeza. Ila usikate shamba zima kwa mkupuo utakosa ada ya watoto, fanya mistari michache kila mwaka.

Kuvuna okota zilizodondoka zenyewe, usitikise mti utaangusha changa. Toa bibo siku hiyohiyo, anika juani siku 2 au 3, ukichukua konzi ukatikisa zigongane kama kokoto ndo utie kwenye gunia la juti.