Somo: Kuhamisha DVD za harusi na sherehe za nyumbani kwenda kwenye kompyuta

Wakuu, salaam. Miaka ya 2000 karibu kila harusi, sendofu, ubarikio na mahafali yetu viliishia kwenye DVD yenye picha ya mhusika juu ya kasha. Nyingi ni DVD-R, yaani zilichomwa na mpiga video kwenye kompyuta yake, hazikutoka kiwandani. Kilichorekodiwa kipo kwenye tabaka la rangi ya kemikali, na tabaka hilo huchoka kwa joto, jua na unyevu hata kama diski haina mkwaruzo. Filamu ya dukani utaipata tena. Hotuba ya babu ukumbini ipo kwenye hiyo diski moja iliyo kabatini, basi.

Ndiyo maana naanza kwa kunakili diski nzima kama ilivyo, kubana, yaani kupunguza ukubwa wa faili, kunafuata baadaye. Ukigeuza moja kwa moja kutoka kwenye diski chakavu, inazungushwa muda mrefu, na ikigoma katikati unaanza upya. Ukiwa na nakala, unajaribu mipangilio hata mara kumi bila kuigusa diski tena.

Hatua ya 1: Safisha. Kitambaa laini kisichotoa nyuzi, toka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko unafuata njia ya data, na ni mgumu kusahihishwa kuliko unaoikata njia hiyo. Dawa ya meno ibaki kwenye mswaki.

Hatua ya 2: Nakili. Fungua diski, utaona folda ya VIDEO_TS. Ya AUDIO_TS ikiwa tupu usishtuke, ndivyo ilivyo kwa DVD za video. Ndani ya VIDEO_TS, mafaili ya VOB ndiyo picha na sauti, yamekatwa yasizidi GB 1 kila moja. IFO ni maelekezo, na BUP ni akiba ya IFO. Chukua folda yote, usichambue. Diski ya kawaida inabeba GB 4.7, ya tabaka mbili GB 8.5, kwa hiyo andaa nafasi. Ipe jina linaloeleweka, mwaka ukitangulia: "2006 Harusi ya shangazi". Kisha icheze kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video, rukaruka hadi mwisho, uhakikishe haikatiki.

Hatua ya 3: Fungua kwa HandBrake. Ni programu ya bure, ipo ya Windows, Mac na Linux. Bonyeza Open Source, chagua folda ya VIDEO_TS, usubiri ikague. Kwenye Title utaona vipande na urefu wake. Kirefu ndicho tukio lenyewe, vile vya sekunde chache ni mbwembwe za mpiga video. Wengine waligawa kanisani kipande kimoja na ukumbini kingine, kwa hiyo pitia vyote kabla ya kuamua.

Hatua ya 4: Mipangilio. Hapa ndipo kazi ilipo.

DVD zilizorekodiwa kwetu ni za mfumo wa PAL: picha 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Chagua preset (mipangilio iliyoandaliwa tayari) ya Fast 576p25. Usiipandishe hadi 1080 ukidhani itang'aa; utapata faili nene lenye ukungu uleule.

Kwenye Video weka H.264, ambayo ni njia ya kubana picha, na ubora wa RF 20, yaani namba ya kipimo cha ubora. Namba ikishuka ubora unapanda na faili linakua. Kwa DVD cheza kati ya 18 na 22. Saa moja itatoka kati ya MB 600 na GB 1 hivi. Ukumbi ukiwa na giza, kamera iliweka chenga nyingi, na chenga zinakula nafasi kuliko sura za watu.

Sasa nenda Filters, ambako wengi hawafiki. Kamera za wakati ule zilirekodi kila fremu kwa nusu mbili: mistari ya witiri, halafu ya shufwa, nusu 50 kwa sekunde. TV za chogo zilizionyesha hivyohivyo bila shida. Skrini ya kompyuta inaonyesha nusu zote mbili kwa pamoja, na mtu akisogeza mkono unaona mistari kama meno ya kitana. Ukibana bila kuiondoa, imo humo daima. Washa Deinterlace, kichujio cha kuondoa mistari hiyo, chagua Yadif. Kwa sherehe mimi napenda chaguo la Bob, huku Framerate nikiweka 50, kwa sababu kila nusu inageuzwa fremu kamili na watu wakicheza muziki mwendo unakuwa laini. Faili linakua kidogo, acha likue.

Sauti: AAC (njia ya kubana sauti) ya kbps 160 inatosha, hata kwa kwaya.

Hatua ya 5: Add to Queue kwa kila kipande, kisha Start. Acha mashine usiku, chaji ikiwa imechomekwa. Ile VIDEO_TS usiifute. Ihamishie kwenye diski ya nje.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Tanga: Mkuu, laptopu yangu haina sehemu ya kuweka DVD. Nifanyeje?

Jibu: Tafuta kisomeo cha nje cha USB, hata kilichotumika. Kikizunguka na kuzima, huenda hakipati umeme wa kutosha. Kichomeke kwenye mashine yenyewe, si kwenye kigawanyi.

Mdau, Mombasa: Ahsante ndugu kwa somo. Yangu yanakili hadi katikati kisha yakwama, na nimeshaipangusa.

Jibu: Ijaribu kwenye kisomeo kingine kwanza, maana havilingani uwezo. Ikigoma, tumia ddrescue kwenye Linux. Hiyo huchukua kwanza sehemu zilizo nzima, kisha inarudia zile mbovu. Unaweza kupoteza sekunde chache ukaokoa mengine yote.

Mdau, Mwanza: Nimeweka kwenye flashi, faili la GB 5 linakataa japo nafasi ipo.

Jibu: Flashi yako imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, haipokei faili linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo kisha ifomati kuwa exFAT, ila hakikisha TV yako inaisoma. Na kama unalenga TV ya zamani, baki na H.264. H.265 inabana zaidi lakini TV nyingi za zamani haziichezi.

Mdau, Dar: HandBrake imekataa DVD ya filamu niliyonunua.

Jibu: Haifungui diski zenye kufuli la kuzuia nakala, na somo hili ni la diski zako za nyumbani.

Mdau, Arusha: Kaka, nimefuata yote lakini bibi harusi ametoka mnene na mama yangu hataki hata kuiangalia.

Jibu: Mpe pole mama. Diski iliandikwa kuwa ni picha pana wakati kamera ilirekodi 4:3, umbo la TV za zamani. Kwenye Dimensions, weka Anamorphic iwe Custom, upana wa kuonyesha 768 kwa kimo cha 576. Kwa picha pana ya kweli ni 1024. Geuza dakika moja tu ya majaribio, mwonyeshe mama, akikubali ndipo ugeuze yote.