Springi za shokamzoba kwa pikipiki ya zamani: nunua kwa vipimo

Ukifika soko la spea la Kisekka, Kampala, ukasema unataka springi za pikipiki ya Bantam, utatolewa za Boxer na kuapiwa kwamba zinaingia. Simlaumu muuzaji. BSA, kampuni ya Uingereza, iliunda Bantam kuanzia 1948 hadi 1971. Za mwanzo hazikuwa na springi nyuma, zikafuata zenye springi wima pembeni mwa ekseli, ndipo zikaja zenye shokamzoba mbili kama tulizozoea. Jina moja, springi mbalimbali. Mimi naagiza kwa vipimo.

Hatua ya 1. Ibane springi kabla ya kulegeza chochote. Ikifyatuka haichagui jicho wala kidole.

Hatua ya 2. Hapa usiwe na haraka. Ondoa rangi na kutu kwa msasa, kisha pima unene wa waya kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi), sehemu tatu tofauti. Futi ya seremala haifai. Pima upana wa nje wa springi, toa unene wa waya mara moja, utapata kipenyo cha kati. Hesabu mizunguko yote, halafu toa miwili, yaani ule uliolazwa kila ncha, maana hiyo haifanyi kazi. Sasa piga hesabu hii, vipimo vyote kwa milimita (79,000 ni namba ya chuma chenyewe):

Ugumu = 79,000 × waya⁴ ÷ (8 × kipenyo³ × mizunguko)

Waya wa 6, kipenyo cha 46, mizunguko 14: jibu ni nyutoni 9.4 kwa milimita, karibu kilo moja kwa kila milimita inayobonyea. Ukikosea ukaandika waya wa 6.5, jibu linapanda hadi 12.9. Nusu milimita tu, na abiria wako atarushwa kwenye kila tuta. Ndiyo sababu nasisitiza kalipa.

Ikiwa mizunguko imekaribiana upande mmoja na kuachana upande mwingine, hesabu hii haitakufaa. Tuma springi yenyewe kama sampuli.

Hatua ya 3. Urefu wa springi kuukuu usiuamini, imeshalala, yaani imefupika kwa kubanwa. Tazama kitabu cha pikipiki. Kama huna, nyoosha shokamzoba hadi mwisho, pima nafasi kati ya vikalio viwili vya springi, uongeze kidogo. Mimi huanzia milimita 10.

Hatua ya 4. Tafuta mtengenezaji. Mwenye Royal Enfield Bullet ana nafuu: India imeunda Bullet tangu 1955, na spea zake bado zinapatikana huko. Kwa nyingine, agiza Uingereza, au mtafute msokotaji wa springi Nairobi umtumie vipimo kwa basi la Busia. Ukiagiza nje, kumbuka VAT ya 18% hupigwa juu ya bei pamoja na usafiri, na chuma ni kizito. Agiza jozi, usiagize moja.

Jihadhari na "zilizotengenezwa upya" ambazo ni kuukuu zilizopashwa moto wa makaa na kuvutwa. Niliwahi kuletewa jozi ya namna hiyo, imepakwa rangi nyeusi ikang'aa kweli kweli. Haikumaliza mwezi kabla ya kulala tena. Moto usiopimwa unaua ugumu wa chuma. Na kukata mzunguko ili springi "ikae" ni kuifanya fupi na ngumu zaidi kwa mpigo mmoja.

Muulize msokotaji: waya ni wa aina gani (silikoni-kromu ni mzuri)? Springi zilipashwa tena joto baada ya kusokotwa ili kutuliza chuma? Ukitaka zipakwe kromu, uliza pia kama zilikaa kwenye oveni mara baada ya kuchovywa, la sivyo haidrojeni iliyoingia wakati wa kuchovywa hubaki kwenye chuma na springi hukatika ghafla. Mimi huchagua rangi.

Hatua ya 5. Zikifika, pima urefu, zibane kwa jiriwa mpaka mizunguko ikaribie kugusana, mara tano, kisha pima tena. Zikiwa zimepungua, zirudishe kabla hujazifunga.