Kabla ya Kujenga Sampu: Umeme Ukikatika, Maji Yataenda Wapi?

Sampu ni tangi la pili linalokaa kabatini, chini ya tangi la samaki. Maji hushuka yenyewe kwa bomba, hupita kwenye vichujio, halafu pampu huyapandisha tena juu. Mfumo huu unamfaa sana anayefuga mbuna wa Ziwa Nyasa au jamaa zao wa Ziwa Tanganyika. Samaki hawa ni wa ukoo mmoja na sato na perege. Wanakula sana, wanachafua sana, na mbuna kwa kawaida hufugwa wengi pamoja ili mbabe asimwandame mmoja. Maji wanayoyataka yana pH ya juu, mara nyingi zaidi ya 8, na pH ikipanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa sumu kwa samaki. Chujio dogo la kuning'iniza pembeni haliwatoshi.

Lakini kabla hujaenda kwa fundi kioo, chukua karatasi ujibu swali moja: umeme ukikatika, maji yataishia wapi? Kwetu kukatika kwa umeme ni jambo la kupangia, na mara nyingi hutokea usiku au wakati hakuna mtu nyumbani. Vipimo karibu vyote vya sampu hutokana na jibu la swali hilo.

Tuchukue tangi la sentimita 120 kwa 45, lenye kimo cha sentimita 50. Kila sentimita moja ya kimo chake inabeba lita 5.4. Pampu ikizimika, maji yaliyo juu ya mdomo wa bomba la kurudishia maji tangini huanza kuvutwa kinyumenyume kurudi chini, na hayasimami mpaka mdomo huo uvute hewa. Mdomo ukiwa umezama sentimita 10, lita 54 zitashuka. Ukiwa umezama sentimita 2 tu, zitashuka lita 11 hivi, na ukijumlisha yaliyomo kwenye mabomba unafika karibu 15. Sasa angalia chini. Sampu ya sentimita 75 kwa 35, yenye nafasi tupu ya sentimita 16 juu ya kuta za ndani zinazoigawa vyumba, inapokea kama lita 42. Hesabu ya kwanza inafurika, ya pili inaingia bila shida. Tofauti yote imeletwa na urefu wa kipande cha bomba.

Wapo watakaokushauri ufunge valvu ya kuzuia maji kurudi. Mimi siitegemei. Konokono mdogo, mchanga au utando wa mwani ukikwama ndani yake, haifungi tena, na hutajua mpaka siku umeme ukatike. Inua mdomo wa bomba karibu na uso wa maji, na toboa tundu dogo la kuvutia hewa kwenye bomba hilo, chini kidogo tu ya usawa wa maji. Tundu hilo lisafishwe mara kwa mara, maana mwani hulipenda.

Kuna mafuriko ya upande wa pili, ambayo watu husahau kuyapigia hesabu. Jani au samaki mfu akiziba njia ya kushukia, pampu itaendelea kupandisha maji mpaka imalize chumba chake. Kwa hiyo chumba cha pampu kiwe kidogo. Chenye upana wa sentimita 20 na maji ya kimo cha sentimita 22 kinabeba lita 15 tu. Ukiacha sentimita 5 tupu juu ya tangi la samaki, kule juu kuna nafasi ya lita 27, na sakafu itabaki kavu.

Njia ya kushukia ndiyo ningeishughulikia kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Kuna visanduku vya kuning'iniza ukingoni ambavyo huvusha maji kwa sifoni, yaani bomba lililojaa maji linaloyavuta juu ya ukingo, bila kutoboa kioo. Vinavutia kwa urahisi wake, lakini sifoni ikiingia hewa wakati umeme umekatika, umeme ukirudi pampu huanza kusukuma huku hakuna kinachoshuka. Kwa mazingira yetu nashauri kutoboa. Weka matundu mawili: moja la bomba kuu la inchi 1 lenye geti valvu ya kurekebisha mwendo, na lingine la bomba la dharura, mdomo wake juu kidogo, likae kavu siku zote bila valvu yoyote. Bomba kuu likizibwa, la dharura linachukua kazi, na sauti ya maji yanayoporomoka ndani yake inakuita uje kuangalia. Geti valvu inashinda boli valvu kwa sababu inarekebishika kidogo kidogo. Mbele ya njia hiyo weka kichanio cha plastiki au wavu, la sivyo vifaranga wa samaki wataishia chini.

Kama unaagiza tangi jipya, mwambie fundi atoboe kioo kabla ya kuunganisha, na umpelekee tenki konekta yenyewe, yaani kiungo cha kupitisha bomba kwenye tundu, aipime. Tangi la dukani lichunguzwe kwanza, hasa kioo cha chini, kwa kuwa kioo kilichoimarishwa kwa moto hakitoboleki. Kikiguswa na kekee kinapasuka vipande vipande papo hapo.

Kuhusu pampu, usidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Namba ile ni ya pampu isiyopandisha maji hata kidogo. Kutoka sampu hadi ukingo wa tangi ni kama mita 1.3, na kila elbo inapunguza zaidi. Kwa tangi hili unahitaji lita 1,000 hadi 1,200 kwa saa zinazofika juu kweli, yaani mara nne au tano ya ujazo wake. Tafuta mchoro unaoonyesha lita zinazofika kwa kila kimo, na uepuke pampu ambayo mwisho wake wa kupandisha maji ni mita 1.5. Ile ya mita 2.5 au 3 itafanya kazi bila kuhangaika.

Vichujio vifuate mpangilio: sponji au soksi ya kunasa uchafu kwanza, kisha makazi ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na baadaye nitrati. Si lazima ununue vigae vya bei kali. Mawe mepesi ya volkano yenye matundu, au nyavu za plastiki za kusugulia sufuria zisizo na sabuni, zinatosha. Sponji isafishwe kwa maji yaliyotolewa tangini. Klorini ya maji ya bomba inaua bakteria hao. Hapa sampu ina nafuu kubwa: imefunguka juu, na umeme ukikatika bakteria bado wanapata hewa kidogo, tofauti na chujio la mkebe uliofungwa ambalo ndani yake oksijeni huisha baada ya saa chache.

Uzito nao uulizwe mapema. Maji, vioo, mawe, sampu na stendi vinaweza kufika kilo 400, kwa hiyo stendi iwe ya chuma kilichochomelewa vizuri, ikae sawa kwa pima maji, juu ya sakafu isiyobonyea. Mlango wa kabati upitishe sampu nzima, na juu ya sampu ibaki nafasi ya mkono kutoa soksi. Silikoni iwe safi, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, na iachwe ikauke kabisa. Ukiwa na subira, ipe wiki nzima.

Nyaya zote zipinde chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji lianguke sakafuni. Soketi zifungwe juu, upande ambao sampu haifiki, na pawe na swichi inayokata umeme unapovuja. Wakazi wa Nairobi, Arusha au Mbeya wanaohitaji hita waiweke kwenye chumba chenye kimo kisichobadilika. Chumba cha pampu hakifai, maana maji yanayokauka kwa joto hupungua hapo peke yake. Kikiachwa bila kujazwa, pampu huvuta hewa na kuungua. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni bora iwepo hata kama una inveta.

Kila kitu kikishafungwa, jaza maji bila samaki na uzime swichi kuu. Subiri maji yatulie, washa, zima tena. Ziba bomba kuu kwa mkono uone kama la dharura linaweza peke yake. Kisha, pampu ikiwa inafanya kazi, chora mstari kwa kalamu isiyofutika kwenye chumba cha pampu, na uwaambie wote nyumbani kwamba maji ya kuongeza hayapiti hapo. Halafu anza kulisha bakteria kwa amonia kidogo na kupima. Mara nyingi huchukua wiki nne hadi sita, na samaki waingie siku ambayo amonia na nitriti zote zinasoma sifuri.